Kwenda volantia Ulaya ukitokea Lamu, hatua kwa hatua (na lile balaa la majina)

Mpwa wangu amerudi juzi kutoka Sicilia, Italia, alikokwenda wiki 3 kulinda mayai ya kasa ufuoni. Mshahara hakuna, kula na kulala juu ya wenyeji. Kasa ndio kazi yake hata huku, kule Kipungani, kwa hivyo hakuwa mgeni wa kukesha mchangani. Tangu arudi, kila baada ya alasiri napata vijana hapa saibani, "mjomba na mimi nataka", na kila mmoja namueleza yaleyale mpaka sauti inanikauka. Basi naandika mara moja, akija mtu namtumia kwa wasapu nimalize.

Mimi sio wakala wa safari, nina saiba tu hapa Langoni, laptopu mbili na printa moja yenye maradhi. Lakini kila kitu cha huyu kijana nilikifanya mimi, na makosa nayo niliyafanya mimi kwa vidole vyangu.

Haya ni ya nchi za Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), safari ya chini ya siku 90. Ukitaka kwenda mwaka mzima Ujerumani kwa ule mpango wao wa vijana wa kujitolea, weltwärts, ile ni viza ya aina nyingine kabisa, usifuate hapa utapotea.

Hatua ya 1: Barua ya mwaliko

Iwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, mahali utakapolala, nani analipia nini, sahihi na muhuri. Isiposema nani analipia nini, irudishe waandike upya.

Na ukiambiwa ulipe pesa nyingi "ya kushikiliwa nafasi" kwa mtu mwenye namba ya simu tu, au ukiambiwa ni kujitolea lakini utapewa mshahara kila mwezi, huyo anakuuza. Sisi watu wa pwani tushazika habari za namna hiyo za kutosha.

Hatua ya 2: Pasipoti

Huna? Fungua eCitizen, tovuti ya serikali, uombe, ukiipata urudi. Unayo? Angalia iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa 2 tupu, na itabaki hai miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya.

Hatua ya 3: MAJINA (soma hii mara mbili)

Hapa ndipo nilipokaa siku nzima moyo uko mkononi, kwa hivyo nitasema sana, nivumilie.

Sisi hatuna jina la ukoo kama Wazungu. Una jina lako, la babako, la babu yako, basi. Tuseme kijana anaitwa Athman Shee Bwanamkuu (sio jina lake). Mtaani ni Athman Shee, shuleni ni Athman Shee, emaili yake ni Athman Shee. Lakini pasipoti ya Kenya imemgawa vipande viwili: jina la ukoo BWANAMKUU, majina mengine ATHMAN SHEE. Babu ambaye hata hakumuwahi ndiye amekuwa jina lake mbele ya serikali zote za dunia.

Sasa tazama nilivyofanya. Wataliana waliandika barua kwa jina walilolijua kwenye emaili, Athman Shee. Bima nilijaza Shee ndilo la ukoo. Nafasi ya ndege ilikuwa na visanduku viwili tu, la kwanza na la mwisho, nikajaza Athman, nikajaza Shee, nikaona nimemaliza kazi. Fomu ya viza nikafuata pasipoti. Yaani karatasi nne, watu wawili! Na mimi nimezipanga vizuri kwenye faili nikampa, nikamuombea dua, akapanda basi.

Siku ya miadi ya viza Nairobi, saa tatu asubuhi, simu inalia. "Mjomba, wamekataa. Wanasema huyu aliyealikwa sio mimi." Bahati yake yule dada wa dirishani alikuwa na roho, akamwambia ukileta karatasi zilizosahihishwa leo kabla hatujafunga nitakupokea. Bima ilichukua dakika 10, waliibadilisha wakatuma. Nafasi ya ndege nikaifuta nikashikilia nyingine. Lakini barua! Anayetia sahihi kule Sicilia alikuwa ufuoni na kasa wake, simu haishiki. Nilipiga, nikaandika, nikapiga kwa mwenziwe, nikatafsiri Kitaliano cha kuombea msamaha. Saa nane kasorobo ndio ikaingia, na kijana wa watu amekaa nje ya duka la kuprinti tangu saa nne akinywa soda moja. Mamake huku alikuwa anakuja saibani kila nusu saa, "haya, wasemaje?", nikawa sina jibu.

Kwa hivyo, dawa yake ni hii. Fungua pasipoti ukurasa wa picha, tazama chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi kubwa na vimishale. Wa juu utakuwa hivi:

P<KENBWANAMKUU<<ATHMAN<SHEE<<<<<<

Baada ya KEN linakuja jina la ukoo, kisha vimishale VIWILI, kisha majina mengine. Mstari huo ndio jina lako. Sio kitambulisho, sio cheti cha kuzaliwa, sio unavyoitwa na shangazi yako. Mimi siku hizi mtu akija naupiga picha ule mstari kwanza, naandika jina kwenye faili moja la maandishi, alafu kila fomu nakopi kutoka hapo. Siandiki kwa mkono tena, hata jina la herufi tatu sikuandikii.

Na mtumie mwenyeji wako jina hilo kabla hajaandika barua. Mwambie waziwazi hili ndilo la ukoo, haya ndiyo mengine, kwasababu ukimuachia atakisia.

Vitu vinavyoleta mushkili:

- Muhammad, Mohamed na Mohammed ni watu watatu mbele ya kompyuta. Hali kadhalika Esha na Aisha, Swaleh na Saleh, Athman na Othman. Usiseme "watajua tu".
- Alama ya juu kama ya Ma'alim huanguka kwenye ule mstari, inakuwa MAALIM. Kwenye tiketi andika bila alama.
- Kama pasipoti ina BINT ndani yake, BINT ni sehemu ya jina, iandike kila mahali. Kama haina, usiiongeze.
- Fomu ya viza inauliza jina la ukoo la kuzaliwa. Wanawake wetu hawabadilishi jina wakiolewa, kwa hivyo rudia lilelile. Usiweke la mume ukadhani ndio adabu.
- Tiketi ikitoka utaona BWANAMKUU/ATHMANSHEEMR, yameungana na MR imebandikwa nyuma. Usishtuke, ndivyo mashine za ndege zinavyoandika. Nilimuona bibi mmoja analia hapa akidhani tiketi ya mwanawe imeharibika.

Na kama cheti cha kuzaliwa kinasema Othman na pasipoti inasema Athman, nenda kwa wakili ule kiapo kwamba ni mtu mmoja, ubebe hati ile. Kubadilisha jina kabisa ni kesi nyingine na inachukua muda, usiianze ukiwa na safari mbele yako.

Hatua ya 4: Hesabu kurudi nyuma

Maombi ya Schengen yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni siku 15 lakini wanaruhusiwa kuchukua mpaka 45, na pasipoti yako inakuwa kwao muda huo. Mimi nasema weka miezi 3. Msimu wa kasa kule ni kiangazi chao, wanataga kuanzia Juni, na Ulaya yote iko likizo wakati huo, kwa hivyo miadi inajaa.

Hesabu siku vizuri: siku unayoingia inahesabiwa na siku unayotoka inahesabiwa. Ukikaa tarehe 5 mpaka 25 hizo ni siku 21 sio 20. Viza ikitoka itaonyesha vitu viwili, tarehe za kutumia na idadi ya siku za kukaa, na havilingani. Vyote viwili vinakubana: usizidishe ile idadi ya siku, na usipite tarehe ya mwisho.

Hatua ya 5: Ndege

USILIPE tiketi kabla ya viza. Wanachotaka ni nafasi iliyoshikiliwa, na ndege kadhaa hukushikilia kwa ada ndogo siku mbili tatu. Kuna vijana wanauza karatasi za nafasi za uongo, ukiingiza ile namba ya herufi 6 kwenye tovuti ya ndege yenyewe haionekani. Mimi kitu nisichokiona kwenye tovuti ya ndege sikiprinti, nenda saiba nyingine.

Kila mtu anakimbilia kuondokea Nairobi. Kwa nini, wewe mtu wa Lamu? Ethiopian inaruka Mombasa mpaka Addis Ababa, na Addis mpaka Roma. Unaepuka usiku mzima wa kwenda Nairobi. Linganisha bei kwanza, lakini mimi hata ikizidi kidogo nachukua ya Mombasa.

Nunua kwenye tovuti ya ndege yenyewe, sio zile tovuti za bei rahisi za katikati. Tarehe ikibadilika, wa katikati atakusukuma kwa kampuni ya ndege, kampuni ikusukume kwa wa katikati, na pesa zako zinatazama. Na nunua kwa laptopu, simu inaficha nusu ya masharti.

Huna kadi ya benki? M-Pesa GlobalPay inakutengenezea kadi ya Visa ndani ya simu. Weka pesa kwanza, na zile tarakimu za siri usiziombe mpaka ufike ukurasa wa kulipa, maana hazikai.

Kutoka Roma kwenda Catania, mji wa kule Sicilia, kuna njia mbili. Ukichukua ndege, iwe kwenye tiketi moja na ile ya Mombasa. Ukiinunua mbalimbali utatoka Roma, usubiri begi lako, ulipeleke upya, na ile ya kwanza ikichelewa ya pili imekuacha na hakuna wa kumlaumu. Njia ya pili ni treni, na mpwa wangu ndiyo aliyopanda kurudi. Treni ikifika mlango wa bahari wa Messina inakatwa mabehewa, inaingizwa ndani ya feri na watu wake, inavuka. Alinitumia video nikadhani ananitania. Sisi feri ya Likoni, Mombasa, na magari tu tunahangaika.

Hatua ya 6: Bima

Isipungue yuro 30,000, nchi zote za Schengen, siku zote za safari. Ongeza siku chache mbele na nyuma, tofauti ya pesa ni ndogo.

Hatua ya 7: Kuonyesha pesa

Watataka taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Kama maisha yako yote yako M-Pesa toa taarifa ya M-Pesa, inakuja kwa emaili kama PDF yenye nywila, printi yote hata ikiwa kurasa 40. Usikope shilingi laki mbili uziweke wiki ya mwisho, inaonekana kama jipu usoni. Barua ya kazi au ya chuo inasaidia zaidi, kwasababu swali walilonalo kichwani ni moja, utarudi au hutarudi.

Hatua ya 8: Siku ya miadi

Lazima uende mwenyewe, wanachukua alama za vidole. Ukishatoa zinatumika miezi 59, safari ijayo huenda usitoe tena. Ada ni yuro 90 na hairudishwi hata ukinyimwa. Beba asili na kopi, na flashi yenye kila kitu ndani. Ile flashi ndiyo iliyomuokoa wangu.

Hatua ya 9: Kutoka kisiwani

Watu wanapanga Ulaya yote wanasahau Mokowe, gati la bara tunakopandia basi. Boti ya alfajiri mpaka Mokowe, basi la Mombasa, Witu, Garsen, Malindi, na vizuizi vya polisi njiani mnashuka mnaonyesha vitambulisho. Hiyo siku usiipangie kitu kingine. Mimi nilimtoa siku 2 kabla ya ndege, mamake akasema nimezidisha. Wakati wa mvua mto Tana ukifurika upande wa Gamba barabara inakatika, basi haliondoki, na ndege haikungojei. Ukiwa na uwezo ruka kutoka uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha pili yetu, ila zile ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15 tu za mzigo, kwa hivyo pima begi kwa kipimo cha hapa Lamu sio cha ile ndege kubwa.

Na kurudi pia panga. Ukitua Mombasa mchana, mabasi ya Lamu yashaondoka asubuhi, weka pesa ya kulala usiku mmoja. Wangu hakuweka, akanipigia simu uwanjani akiwa na yuro 5 na chupa ya mafuta ya zeituni ya mamake.