Kumtafutia mwanahabari mtarajiwa chuo cha uhakika hapa Marekani

Ndugu zangu, kila ikifika Septemba napigiwa simu na wazazi wenzangu hapa Ohio. Mtoto yuko darasa la kumi na mbili, anataka uandishi wa habari, na orodha yake ina vyuo sita vyenye majina makubwa. Nauliza: kipi kati ya hivyo kitamchukua bila shaka, na ada yake mtaiweza? Hapo simu hunyamaza.

Hatua ya 1: Uhakika una masharti mawili. Alama za mtoto ziwe juu ya za wengi wanaopokelewa pale, na bei ya mwisho iwe ile ambayo nyumba yenu inaimudu. Chuo kinachomkubali kisha kikawaletea bili ya dola 40,000 kwa mwaka si cha uhakika. Kwa mwanahabari hili lina uzito zaidi, maana kazi ya kwanza mara nyingi ni gazeti dogo au kituo cha televisheni cha mji mdogo, na mshahara wake haubebi deni kubwa. Vijana wenye kipaji wanaiacha kazi hii kabla hawajaionja, kwa sababu ya mkopo tu. Linaniuma sana.

Hatua ya 2: Yatengeni majina yasiyotoa skolashipu ya alama, yaani ile anayopewa mtoto kwa kufaulu kwake, si kwa uhitaji wa familia. Vyuo vinane vya Ivy League, lile kundi la vyuo vya zamani vyenye sifa kama Harvard na Yale, havitoi. Vinaangalia kipato cha familia. Na ile shule ya habari ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, iliyotokana na wasia wa Joseph Pulitzer, mmiliki wa magazeti, ni ya waliokwisha kupata shahada ya kwanza. Anayetoka sekondari hana nafasi pale.

Hatua ya 3: Angalieni vyuo vya umma vyenye chumba cha habari kilicho hai. Chuo Kikuu cha Missouri kilifungua shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1908, na mpaka leo wanafunzi wanaandika Columbia Missourian, gazeti la mji wa Columbia, Missouri, kilipo chuo hicho, na kufanya kazi KOMU, televisheni ya chuo inayorusha matangazo ya NBC. Arizona State ina shule ya Walter Cronkite, Kansas ina ya William Allen White. Alabama inajulikana kwa kutangaza wazi kiwango cha skolashipu kwa GPA (wastani wa alama za shuleni, kwa kawaida juu kabisa ni 4.0) na alama za mtihani, kwa hiyo mnapiga hesabu kabla hata ya kuomba. Sisi wa Ohio tuna shule ya E.W. Scripps pale Ohio University, Athens, ambako ada hufungwa isipande kwa miaka minne. (Pale Kiswahili nacho kimewahi kufundishwa, na mimi hilo lilinigusa.)

Sasa someni gazeti la wanafunzi, msitosheke na picha za majengo. Mimi na binti yangu tulikaa mezani jikoni na daftari, tukafungua matoleo ya wiki mbili ya kila chuo, yeye akiandika jina la kila mwandishi. Chuo kimoja majina yaleyale manne yalijirudia kila siku. Kingine yalifika ishirini na saba, na habari ya ukurasa wa mbele ilikuwa ya kikao cha baraza la mji kuhusu kodi za nyumba. Akamwandikia mhariri: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchapishwa lini? Jibu lilirudi jioni ileile: wiki ya tatu. Nilimwona binti yangu anakaa wima kitini.

Hatua ya 4: Tafuteni bei ya kweli. Tangu 2011 sheria inavitaka vyuo viweke kikokotoo cha gharama kwenye tovuti zao. Kisipouliza GPA, ujue hakijahesabu skolashipu ya alama. Kisha tafuteni Google jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set, yaani taarifa ya takwimu ambayo vyuo vingi huitoa kila mwaka, mshuke mpaka jedwali H2A. Hapo wanaandika ni wanafunzi wangapi wasio na uhitaji wa kifedha waliopewa skolashipu, na wastani wa dola.

Hatua ya 5: Barua ya msaada wa fedha inayotoka chuoni isomeni na kalamu mkononi. Tuliletewa moja iliyosema msaada wa dola 31,000. Nikakata kila mstari wa mkopo na wa kazi za chuoni, maana hizo si zawadi. Zikabaki 9,000.

Maswali ya wanachama

*Mama, Minneapolis:* Kaka, asante kwa somo. Wangu ana GPA 3.4. Hizi pesa si za vipanga tu?

Hapana, dada. Alama hupimwa na za wenzake wa chuo hicho. Mpeleke mahali ambapo 3.4 inaonekana. Halafu, kwa kuwa mko Minnesota, tazameni Midwest Student Exchange, mpango wa majimbo ya kati: vyuo vya umma vilivyojiunga havimtozi mtoto wa jimbo jingine mwanachama zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi. Hakikisheni tu uandishi wa habari umo, kwa sababu vyuo vingine huchagua kozi.

*Kijana, Arusha:* Shikamoo mzee. Nimemaliza kidato cha sita. Hili linanihusu?

Marahaba mwanangu. Fomu ya FAFSA, ya kuombea msaada wa serikali ya Marekani, si yako, lakini skolashipu za alama vyuo vingi vinawapa na wageni. Mara chache zinamaliza gharama zote, na kabla ya kupewa I-20, hati ya chuo ya kuombea viza, utatakiwa kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza. Andika barua pepe chuoni uulize skolashipu hiyo, kwa jina lake, kama ni ya wageni pia. Jibu lihifadhi.

*Baba, Dallas:* Wakishatoa skolashipu, wanatoa miaka yote minne?

Kwa masharti, kaka. Mara nyingi GPA isishuke chini ya 3.0. Wangu aliteleza muhula mmoja kwenye takwimu, tukarudi kwenye barua, tukakuta mstari unaompa muhula mwingine wa kujirekebisha. Yako isiposema lolote, ipigie simu ofisi ya misaada kabla ya Mei 1, siku ya kuthibitisha nafasi, uombe wakuandikie walichosema.