Kabla Matokeo Hayajatoka: Kuiandaa Nyumba Yenye Mwanafunzi

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na matokeo hutoka Januari. Wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo Julai. Katikati hapo kijana yuko nyumbani Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto, anafagia uwanja, anatumwa dukani, na kila jirani anayepita anamuuliza, "Vipi, mtihani ulikuwaje?" Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari moja ya kata hapa Temeke, Dar es Salaam. Wazazi wengi huja kunitafuta siku ya matokeo yenyewe, simu za ndugu zikiita mfululizo na mtoto kajifungia chumbani. Wiki zile za kungoja ndizo za kufanyia kazi, na ninayoandika hapa ni ya wiki hizo: namna ya kumkinga kijana asifike mahali pa kutaka kujiua.

Anza na maneno mnayomwambia sasa. "Ukileta ziro usinijue" husemwa kwa nia ya kumhimiza, lakini mtoto wa miaka 17 hulipokea kama sharti: nikifeli, sina kwetu. Usingoje Januari kulifuta. Kaa naye, umwambie kwa sentensi nzima: "Mwanangu, matokeo yakitoka tutayafungua pamoja, na yawe yoyote yale, usiku huo utakula na kulala hapa kama siku zote." Kisha mfungulieni njia kabla hajazihitaji. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, vyuo vya ufundi vya VETA, vyuo vya kati: ulizieni ada, tarehe za maombi na mahali. Ziandikeni kwenye daftari. Habari mbaya haimkuti vilevile kijana ambaye tayari anajua Jumatatu ataelekea wapi.

Aliye chuoni yuko katika hatari ya namna nyingine, kwa sababu yuko mbali na macho yenu. Anaishi hosteli Mabibo au geto Sinza, amedisko, yaani ameondolewa chuo kwa kufeli, au mkopo wa Bodi ya Mikopo haukutoka, na nyumbani mnaamini anasoma. Siri kama hiyo hubebwa miezi. Mpigie simu isiyohusu masomo wala fedha, muulize amekula nini, analala saa ngapi, anakaa na nani. Na kama una binti wa sekondari, ajue mapema kwamba tangu Novemba 2021 upo waraka wa serikali unaomruhusu mwanafunzi aliyepata ujauzito kurudi shule baada ya kujifungua. Wapo wanaoona mimba ni mwisho wa kila kitu kwa kuwa tu hakuna aliyewaambia.

Dalili nazo zifahamike kwa kila mtu mzima wa nyumba, na dada wa kazi naye. Kijana anajitenga na rafiki zake, halali au analala mchana kutwa, hajali mwili wala nguo. Anasema "mimi ni mzigo" au "mtapumzika karibuni". Anagawa vitu anavyovipenda. Anaomba msamaha kwa mambo ya zamani kana kwamba anaaga. Hata utulivu wa ghafla baada ya wiki za huzuni usiwe sababu ya kushusha pumzi. Nilipata kuwa na mwanafunzi aliyegawa madaftari, kalamu na viatu vyake vya michezo kwa wiki moja. Walimu tulimsifu kwa ukarimu. Mwenzake wa dawati ndiye aliyekuja kuniambia, "Mwalimu, huyu hayuko sawa." Alikuwa sahihi, na tulimwahi. Tangu hapo nawaambia wanafunzi kila muhula kwamba siri ya kufa haitunzwi.

Ukiona dalili, uliza wazi. Hapa ndipo wengi wetu tunashindwa. Tunaogopa kwamba kutaja kujiua ni kulipanda wazo hilo kichwani mwake. Utafiti wa miaka mingi haujaonyesha hivyo. Wengi wanaoulizwa hupata nafuu kwa sababu hatimaye kuna mtu wa kumwambia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Jambo lenye ukubwa huo halizuiliwi kwa mafumbo. Mtafute mahali penye faragha, hata kama ni kutembea naye hadi kituo cha daladala, umuulize: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usipige kelele, usimhubirie, usimkumbushe ada uliyolipa. Sema, "Asante kwa kuniambia. Siondoki hapa." Halafu muulize kama amepanga lini na namna gani. Mwenye mpango asiachwe peke yake hata dakika moja. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Nyumba yenyewe iandaliwe. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka katika muda mfupi, na kinachomvusha mtu ni kukosa kitu cha hatari karibu yake. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali zaidi za shambani, vifo vya kujiua nchini humo vilishuka kwa zaidi ya nusu. Kwenu, fungia dawa za presha za bibi, dawa zilizobaki za ugonjwa uliokwisha na sumu za wadudu na panya. Ufunguo akae nao mtu mzima mmoja. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na korido moja, kabati lako peke yake halitoshi. Zungumza na wapangaji wenzako. Huna haja ya kumwaibisha mtoto wako. Waambie kuna watoto wadogo, kila mmoja afungie vyake.

Kabla siku mbaya haijafika, andikeni na kijana karatasi moja. Wataalamu Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani ndio walioupa utaratibu huu sura yake, nao huitwa mpango wa usalama: dalili zinazomjulisha kwamba hali inaharibika, vitu vinavyomtuliza akiwa peke yake, mahali na watu wa kumwondoa kwenye mawazo, watu wa kuwaambia ukweli, wataalamu wa kuwaendea, na namna ya kuweka mazingira salama. Aandike kwa maneno yake. Wa kwanza kwenye orodha anaweza asiwe wewe. Akimtaja shangazi, mpigie shangazi umwandae, wala usione umepitwa. Namba ziandikwe pia kwenye karatasi, maana simu huishiwa chaji.

Kwa aliye chini ya miaka 18, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bila malipo. Dharura ya polisi ni 112. Jueni tangu sasa hospitali iliyo karibu nanyi inayopokea dharura usiku: Amana kwa Ilala, Temeke, Mwananyamala kwa Kinondoni, na Muhimbili yenye idara ya magonjwa ya akili. Wekeni pembeni nauli ya bajaji, na namba ya dereva mnayemwamini. Mkikosa fedha za matibabu, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini hapo. Kuwasikiliza wasio na uwezo ni sehemu ya kazi yao. Familia nyingine husita kwa sababu Kanuni ya Adhabu imekuwa ikihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Woga huo usimcheleweshe mgonjwa. Hospitali kwanza, mengine yafuate. Na sheikh au mchungaji aje kuomba, nafurahi akija, lakini aombe huku daktari naye anatibu.

Akiandikiwa dawa za sonona, ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, mkumbuke huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haziachwi ghafla bila daktari kusema. Mtu mzima azitunze na kumpa kipimo cha siku. Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo za kumwangalia kwa karibu zaidi, hata kama amerudi kucheka. Mgawane zamu: nani analala chumba kimoja naye, nani anamsindikiza kliniki, nani anazungumza na mwalimu wa darasa. Wadogo zake waambiwe kwa lugha ya umri wao kwamba kaka aliugua na anatibiwa. Majirani wataendelea kuuliza kuhusu matokeo; mkubaliane naye jibu moja fupi ambalo nyumba nzima itatoa, yeye mwenyewe ndiye alichague.