Kunguni: wanaingiaje ndani na utawagunduaje mapema

Kwanza tuelewane, kunguni haji kwa sababu nyumba yako chafu. Mi nilikuwa nadeki kila siku na bado niliwapata, kumbe nilirudi nao kwenye begi toka gesti nilikolala siku mbili tu. Hana mabawa wala haruki, anatembea na kubebwa basi, kwa hiyo ukimkuta kwako jiulize nini kimeingia ndani miezi ya karibuni, begi, sofa la mtumba, godoro ulilouziwa na mtu anayehama...

Kumsaka chukua tochi ya simu na kadi ya zamani ya benki. Nyanyua godoro, pitia mshono wa pembeni polepole hasa upande wa kichwani, halafu toa chaga zote upitishe kadi kwenye maungio ya kitanda na matundu ya misumari, usisahau na pindo la neti. Mkubwa ana kama milimita 5, bapa, kahawia, akishanyonya anavimba na kuwa mwekundu. Ila usimtafute yeye tu, angalia vidoti vyeusi kama mtu amegusisha kalamu ya wino, hicho ni kinyesi, yaani damu yako iliyosagwa, ukikipangusa kwa kitambaa chenye maji kinaacha doa la rangi ya kutu.

Halafu kuna mayai, meupe, milimita 1 hivi, yamenata kabisa kwenye mbao. Hapo ndo wengi tunapigwa. Dawa nyingi haziui yai, mtu anapuliza leo, wiki nzima analala vizuri anatangaza wameisha, kumbe vitoto ndo vinatoka, kwa hiyo rudia baada ya wiki mbili hivi. Na kama mmepanga vyumba vya kushikana ambia majirani mpulize siku moja (aibu weka pembeni jamani), maana wakifukuzwa kwako wanapita kwenye nyufa za ukuta, na wakikosa damu wanaweza kukaa miezi wakikusubiri.

Chaga zimwagie maji yanayochemka, mashuka na neti loweka maji ya moto sana. Kuanika godoro peke yake hakutoshi, wanahamia upande wenye kivuli. Mafuta ya taa kwenye godoro usithubutu, utachoma nyumba, na dawa za shambani usipulize unapolala.

Mi siku hizi nikifika gesti begi linakaa bafuni kwenye vigae kwanza, nikishafunua shuka na kumulika pembe zote nne ndo nalileta chumbani.