Kuutunza Utumbo Baada ya Upasuaji

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Mombasa, na swali ninaloulizwa mno ni namna ya kuzuia matumbo yasishikane ndani. Kinachoyashikanisha ni nyuzi za kovu, ambazo huwapata wengi waliopasuliwa tumbo, tena huanza kujijenga katika siku chache za mwanzo, ingawa wengi wao hawadhuriki.

Hatua ya 1: Kabla ya upasuaji, muulize daktari kama unaweza kupasuliwa kwa matundu madogo, kwa sababu kadiri utando wa ndani unavyojeruhiwa kidogo, ndivyo nyuzi zinavyopungua. Sigara iache mapema.

Hatua ya 2: Daktari akikuruhusu, keti kitandani, kisha utembee wodini kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na unapokohoa ukumbatie mto tumboni. Kutembea hakuyeyushi kovu, wala nisingependa kukudanganya. Faida yake ni kuzuia damu isigande miguuni na kuusaidia utumbo uamke.

Hatua ya 3: Anza na vinywaji, halafu uji mwepesi, wali uliopikwa ukalainika na samaki asiye na miba, ukila kidogo mara nyingi na kutafuna sana. Katika wiki za mwanzo jiepushe na mahindi ya kuchoma, maembe yenye nyuzi na nyama ya nazi iliyokomaa, kwani makapi yake huweza kukwama pale utumbo ulipo mwembamba au umejikunja. (Tui lililochujwa si tatizo hilo, ila lisiwe zito.) Kwa joto letu, maji yasikosekane, na miraa, ambayo hufunga choo, isiingie kabisa.

Hatua ya 4: Kwa wiki 6 hivi usiinue mzigo mzito, mtungi wa lita 20 una takriban kilo 20, basi mwenzako aubebe. Jamaa wakileta mkandaji, mshukuru, lakini tumbo asiliguse mpaka daktari aridhie.

Hatua ya 5: Maumivu ya kubana na kuachia, tumbo kuvimba, kutapika, na kutopata choo wala kutoa upepo ni dalili za utumbo kuziba, nazo huweza kuja hata miaka mingi baadaye. Usinywe haluli wala mafuta ya mbarika. Usile kitu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku, ukiwa na karatasi zako za upasuaji wa zamani.