Jinsi ya kufuatilia nyangumi na pomboo msimu hadi msimu kwa boti ndogo

Nyangumi wa nundu huingia maji ya Tanzania na Kenya wakati wa kusi. Hutoka Antaktika wanakokula, wakaja huku kwenye joto kupandana na kuzaa, na wengi huonekana kati ya Julai na Oktoba. Pomboo wa pwani wapo mwaka mzima, ila hawatumii bahari yote sawasawa. Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wanne au watano wenye boti ya faiba ya mita 7 hadi 9, wanaotaka kujua wanyama hawa wako wapi, mwezi gani, na wanafanya nini hapo.

Kabla ya hatua yoyote, shikeni jambo moja: andikeni bahari mliyoitafuta, siyo wanyama mliowaona tu. Orodha ya mahali nyangumi walipoonekana, bila kumbukumbu ya kilomita zilizopitwa pasipo kuona kitu, huonyesha boti ilipendelea kwenda wapi. Karibu kila hatua hapa chini inalinda kumbukumbu hiyo.

Hatua ya 1: Vibali

Tanzania Bara, utafiti wa wanyamapori huombewa kibali COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na ndani ya hifadhi za bahari mnahitaji pia ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi. Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya, anzeni na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), kisha KWS (shirika la wanyamapori) kwa maeneo kama Watamu na Kisite-Mpunguti. Anzeni miezi kadhaa kabla ya kusi. Msimu wa nyangumi hausubiri mhuri. Zungumzeni pia na wazee wa diko na kamati ya wavuvi kabla boti haijateremshwa majini, kwa sababu mtapita juu ya nyavu zao.

Hatua ya 2: Choreni njia

Fungueni QGIS (programu ya bure ya kuchora ramani), wekeni ramani ya kina cha bahari ya GEBCO (ramani ya dunia nzima inayopatikana bure), halafu choreni mistari ya kwenda na kurudi kama meno ya msumeno, kutoka ukingo wa mwamba hadi kilindini. Mistari ikate kina, isikifuate. Boti inayotembea sambamba na mwamba siku zote itawapa wanyama wa kina kimoja tu. Gawanyeni eneo kwenye njia tatu au nne, kila moja ya kilomita 40 hadi 60, na mpige kura ya njia ipi iende siku ipi. Nahodha akiachiwa achague, atakwenda palipo na pomboo, na ana haki: ndiyo kazi yake na watalii. Kwa hiyo mwelezeni mapema kwamba malipo yake hayategemei kuona mnyama.

Lengeni siku nne kwa mwezi, miezi yote, ikiwemo ile ambayo nyangumi hawapo. Masika ya Aprili na Mei yatawanyima siku kadhaa. Andikeni kuwa hamkutoka. Mafuta gawanyeni kwa tatu: ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba isiyoguswa.

Hatua ya 3: Vifaa

GPS ya mkononi yenye betri za ziada, iwekwe kwenye WGS84 (mfumo wa kawaida wa nafasi za GPS) na nyuzi za desimali, inase njia kila sekunde 30. Darubini mbili za 7x50. Kamera yenye lenzi inayofika milimita 300 au 400. Fomu za karatasi zisizolowa na penseli (kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye chumvi). Kipima kina kama boti inacho, maana GEBCO haiaminiki karibu na miamba. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, likiwa limevaliwa.

Saa zinastahili aya yake. Nahodha akisema "tumewaona saa mbili na robo", ni 08:15. Mwandishi akiandika 2:15, na mwingine ofisini akaisoma kama saa nane na robo mchana, pomboo wa asubuhi wamekuwa pomboo wa mchana. Andikeni kwa mfumo wa saa 24 peke yake, kutoka kwenye GPS, na mlinganishe saa ya kamera na GPS kila asubuhi hadi sekunde. Picha isiyokubaliana na GPS haina mahali.

Hatua ya 4: Kutafuta

Ondokeni alfajiri. Wakati wa kusi upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda, na mara nyingi kufikia 10:30 mawimbi yameanza kuvunja povu. Mwendo uwe noti 8 hadi 10. Watafutaji wawili wasimame juu iwezekanavyo, kila mmoja akishika robo ya duara kutoka mbele hadi ubavuni kwake, mmoja aandike. Badilishaneni kila dakika 30. Macho huchoka kabla mtu hajakubali kuwa yamechoka.

Kila dakika 15, na kila hali inapobadilika, andikeni: saa, nafasi, kipimo cha Beaufort (nguvu ya upepo kwa kutazama bahari; 0 ni shwari kabisa), mwangaza wa jua juu ya maji, hali ya maji (yanajaa au yanakupwa, bamvua au maji mafu), na idadi ya boti nyingine zinazoonekana. Andikeni pia kama mko "kazini" au "nje ya kazi". Mkikata kona kumfuata mnyama, mko nje ya kazi mpaka mrudi kwenye mstari. Wengi husahau hapa, na kilomita za kuzungukazunguka kundi moja zikahesabiwa kama za kutafuta.

Kwa pomboo, data ya kulinganisha ni ya Beaufort 0 hadi 2. Ikifika 3, povu jeupe huficha mapezi. Nyangumi huonekana hata kwenye 3 kwa sababu pumzi yake hupanda mita kadhaa. Msipotenganisha hali hizi mtaona pomboo "wanapungua" Julai na "kuongezeka" Februari, nao hawakuhama. Bahari ilichafuka, macho yakawakosa.

Hatua ya 5: Mnapowaona

Kwanza andikeni walichokuwa wakifanya *kabla* boti haijakaribia: kusafiri, kula, kupumzika, au kuchezeana. Baada ya hapo tabia mnayoiona ina boti ndani yake. Andikeni pembe kutoka omo (mbele ya boti) na umbali wa kukisia, kwa sababu nafasi ya boti siyo nafasi ya mnyama. Kwenye mteremko kama wa mkondo wa Pemba, kina hubadilika kwa mamia ya mita ndani ya kilomita chache. Kosa la kilomita moja na nusu humhamisha nyangumi kutoka ukingoni hadi kwenye kilindi. Zoezeni macho kwa boya: kisieni, kisha mpime kwa GPS, mpaka makosa yapungue.

Idadi ya kundi iandikwe mara tatu: ndogo kabisa, kubwa kabisa, na mnayoiamini. Ndama wahesabiwe peke yao.

Sogeeni kutoka ubavuni na nyuma kidogo, mwendo wa pole, kamwe siyo kutoka mbele. Msimkaribie nyangumi chini ya mita 100; mama mwenye ndama, kaeni mita 300. Ndama huyo ana wiki chache tu duniani, na mama halishwi na bahari hii: anamnyonyesha kwa mafuta aliyoyabeba kutoka kusini, kwa hiyo kila mkimbizo mnaomsababishia unatoka kwenye akiba hiyo. Mwisho dakika 30, hata kama picha bado. Wakibadili mwelekeo mara mbili au wakianza kuzama muda mrefu, ondokeni.

Picha: shata (kasi ya kamera) ya sekunde 1/1000 au haraka zaidi, mfululizo. Pigeni picha ya fomu mwanzoni mwa kila kundi ili kutenganisha makundi. Kwa pomboo, lengeni pezi la mgongoni likiwa ubavu kamili; mikato ya ukingo wake wa nyuma ndiyo alama, nayo inasomeka kutoka pande zote mbili, tofauti na makovu ya ubavuni. Pigeni kila mmoja kwenye kundi, hata yule ambaye pezi lake ni safi. Kwa nyangumi wa nundu, kaeni nyuma yake anapokunja mgongo kuzama; akiinua mkia, rangi nyeupe na nyeusi upande wa chini haifanani na ya mwingine yeyote.

Hatua ya 6: Kusikiliza

Dume wa nyangumi wa nundu huimba, na wimbo husikika mahali ambapo jicho halifiki. Kila kilomita 5 zimeni mashine, teremsheni haidrofoni (maikrofoni ya chini ya maji) mita 10 hadi 15, sikilizeni dakika 5, rekodini kwa kHz 48. Waya ukifungwa moja kwa moja kwenye boti, kila wimbi litaunyanyua na mtarekodi mshindo tu. Wekeni mpira unaovutika kati ya boti na waya, na risasi ya mshipi chini. Mrindimo wa kukaangakaanga karibu na mwamba ni kamba wadogo wenye gando la kulipuka. Hautoki kwenye kifaa. Wimbo wa nyangumi uko chini zaidi na hurudia mafungu yake. Kituo kisicho na sauti kiandikwe pia.

Hatua ya 7: Jioni ileile

Msilale kabla ya kunakili GPS, picha na sauti mahali pawili. Ingizeni fomu kwenye lahajedwali wakati aliyeandika bado anakumbuka mwandiko wake. Kagueni leo hii makosa mawili. La kwanza ni alama ya kutoa, inayoonyesha kusini mwa ikweta: Kizimkazi ni -6.44, 39.47, bila alama hiyo pomboo wenu wako kusini mwa Ethiopia. La pili ni dakika kusomwa kama desimali: 6° 26.40' ni 6.4400, na ikiandikwa 6.2640 mmekosea karibu kilomita 20, na pomboo yuko nchi kavu katikati ya Unguja.

Picha zipangwe kwa ubora kabla ya kulinganishwa, na mbovu zitupwe nje ya hesabu hata kama mnamtambua mnyama. Picha hafifu hukosa kufananishwa, mnyama mmoja akawa wawili, na idadi ikavimba. Watu wawili walinganishe kila mmoja peke yake. Picha za mikia ya nyangumi zipelekeni Happywhale, tovuti ya kutambua nyangumi kwa picha, ambako kompyuta huzilinganisha na za bahari nyingine.

Hatua ya 8: Ramani

Katika QGIS badilisheni data kwenda UTM 37 Kusini (mfumo wa ramani unaopima kwa mita badala ya nyuzi) ili umbali uwe wa mita. Wekeni gridi ya kilomita 2 kwa 2. Kwa kila kisanduku jumlisheni kilomita zilizotafutwa mkiwa kazini, halafu makundi yaliyoonekana mkiwa kazini. Tuseme kisanduku kina kilomita 62 na makundi 4: hayo ni makundi 6.5 kwa kilomita 100. Jirani yake ana makundi 5 lakini kwa kilomita 140: 3.6. Ramani ya nukta ingempa jirani ushindi.

Tengeni kusi, kaskazi na miezi ya katikati kila mmoja na ramani yake. Kisanduku chenye kilomita chini ya 10 kwa msimu kiachwe kijivu. Kisanduku kilichotafutwa vya kutosha bila mnyama kipewe rangi ya sifuri, tofauti na kijivu, na maana ya rangi hizo mbili iandikwe wazi pembeni mwa ramani, kwa sababu msimamizi wa hifadhi akizichanganya atafungua njia ya boti mahali ambapo hakuna aliyewahi kutafuta.