Namna ya Kusoma Kitabu Kimoja cha Picha na Watoto wa Umri Tofauti

Mlezi anayeketi na mtoto wa mwaka mmoja, wa miaka mitatu na wa miaka sita kwa wakati mmoja mara nyingi huchagua kitabu kinachomfaa yule wa katikati, akitumaini kwamba mdogo atavumilia na mkubwa hatachoka. Kwa uzoefu wangu, tumaini hilo halifiki ukurasa wa nne. Ni afadhali kuanzia kwenye picha, kwa kuwa hata asiyejua herufi moja huweza kuitazama na kupata neno la kusema.

Chagua kitabu chenye picha kubwa zinazoonekana vizuri hata kwa mtoto aliyeketi pembeni, na chenye sentensi moja au mbili tu katika kila ukurasa. Vitabu vingi vya aina hii vina kurasa 32, na huo ni urefu wa kutosha kabisa. Kinachofaa zaidi ni kile ambacho picha zake zinaonyesha mambo ambayo maandishi hayakuyataja, maana hapo ndipo mkubwa atakapopata kazi. Kisome kwanza peke yako. Mdogo naye apewe kitabu chake cha kurasa ngumu za kadibodi, akishike na hata akitafune wakati wenzake wanasikiliza. Kwa umri wake, mdomo ni mojawapo ya njia za kukifahamu kitu, na hastahili kukaripiwa.

Mpakate mdogo, wengine wakae ubavuni mwako, mmoja kila upande. Wakiwa wengi, wapange nusu duara, ukishike kitabu kando ya uso wako, usawa wa macho yao, na uangalie mkono wako usifunike picha.

Sasa tuje kwenye maswali, ambayo ndiyo kiini cha shughuli yote. Tuseme ukurasa unaonyesha mvua inanyesha, mtoto amesimama mlangoni na mguu mmoja mtupu, na mbwa amejificha chini ya meza akiwa na kiatu mdomoni. Mwambie mdogo, "Mbwa yuko wapi?" Akinyoosha kidole, amejibu. Mgeukie wa miaka mitatu: "Amebeba nini?" Kisha mkubwa: "Unadhani kwa nini amekichukua?" Picha ni ileile, na kila mmoja ameulizwa jambo analoliweza.

Shika utaratibu huo wa kuanzia kwa mdogo. Mkubwa akijibu kwanza, atasema mbwa, kiatu na meza kwa pumzi moja, na wadogo watabaki bila cha kusema. Baada ya kurasa chache watajifunza kunyamaza na kumwachia yeye kila kitu. Ukishauliza, subiri. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anahitaji muda wa kulitafuta neno, na sekunde tano za ukimya, ingawa kwa mtu mzima huonekana ndefu, kwake si nyingi.

Jibu likija, lipokee na uliongeze kidogo. Akisema "kiatu", mwambie, "Ndiyo, kiatu chekundu, tena kimelowa." Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wazazi wa watoto wa takriban miaka miwili hadi mitatu, ambao walifundishwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana na kupanua majibu ya watoto wao. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto hao waliwapita wenzao waliosomewa kwa njia ya kawaida katika uwezo wa kujieleza.

Mkubwa hujisahau na kukatiza, na kumnyamazisha kwa kumkumbusha kwamba yeye ni mkubwa humfanya akichukie kitabu. Mpe jambo la kufuatilia tangu jaladani, kwa mfano ndege mdogo anayejitokeza katika kila picha, na umwombe asimwonyeshe mtu hadi mwisho. Usimgeuze mwalimu msaidizi wako. Naye amekuja kusomewa.

Mdogo akiteremka na kwenda zake katikati ya hadithi, mwache. Huenda akarudi, na asiporudi, sauti yako bado anaisikia. Wadogo hutaka kitabu kilekile siku baada ya siku, jambo linalowasaidia kushika maneno lakini huweza kumchosha mkubwa. Hapo mwachie yeye asimulie kwa kufuata picha, kwa maneno yake mwenyewe, hata akibadilisha mwisho, na kazi yako iwe kumfunulia kurasa.