Somo: Kujenga Vim yenye Python 3 na Lua

Programu-jalizi ya Vim (kihariri cha maandishi) ikilalamika kwamba Vim haina Python, kuisakinisha upya programu-jalizi hiyo hakusaidii. Python, na Lua vilevile (lugha nyingine ya skripti), huunganishwa na Vim wakati wa kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu; hazipachikwi baadaye. Tazama kwanza uliyo nayo:

vim --version | grep python3

+python3 maana yake ipo, -python3 haipo. Kama haipo, tujenge yetu. Amri hizi ni za Ubuntu na Debian.

1. Vifaa:

sudo apt install git make gcc libncurses-dev python3-dev lua5.4 liblua5.4-dev

Wengi hukwama kwenye hizo zenye "-dev". Python ya kawaida yatosha kuendesha skripti, lakini kompaila yataka faili la Python.h, nalo limo ndani ya python3-dev.

2. Msimbo:

git clone --depth 1 https://github.com/vim/vim.git
cd vim/src

Hapa Mombasa wengi twatumia bando za simu, kwa hivyo msiache --depth 1. Huleta hali ya sasa tu, bila historia yote ya mradi.

3. Matayarisho, yote mstari mmoja:

./configure --prefix=$HOME/.local --with-features=huge --enable-python3interp --enable-luainterp --enable-fail-if-missing

Hilo la mwisho, --enable-fail-if-missing, ndilo roho ya somo. Bila hilo, configure ikikosa Python huandika "can't find it!" katikati ya mamia ya mistari, kisha yaendelea kama hapana lililotokea. Utangoja make (amri ya kukompaili) imalize, ufungue Vim, ukute -python3 ile ile. Ukiliweka, husimama papo hapo na kukwambia kilichokosekana.

4. make && make install

Sudo haihitajiki, maana yote yaingia nyumbani kwako. Ndani ya Vim jaribu :py3 print(6*7). Ikijibu 42, imekubali.

MASWALI

— Mwalimu, nimemaliza bila kosa lakini vim --version yaonyesha ya zamani.

Bash (programu inayopokea amri zako) imekumbuka njia ya zamani. Andika hash -r. Ikikataa, toka kwenye akaunti uingie tena, ili ~/.local/bin iingie kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Bash hutafuta programu).

— Nimeongeza python3-dev baadaye, configure bado yasema haioni.

Majibu ya mara ya kwanza yamehifadhiwa katika auto/config.cache. Endesha make distclean, kisha configure upya na chaguo zote.

— Lua yakataa, na liblua5.4-dev ninayo.

Angalia kama lua5.4 yenyewe ipo. Configure huitafuta programu ya lua kwanza ili ijue toleo, ndipo itafute maktaba.

— Na stima ikipotea katikati ya make, naanza upya?

La, ndugu. Endesha make tena. Yaliyokwisha kukompailiwa yamo katika folda ya objects. Ikilalamika faili moja la .o limeharibika, lifute hilo tu.